Mkojo Uliogeuka Mweupe

Mimba yangu ya kwanza ilinivimbisha miguu, kisha uso, na majirani zetu wa Iyunga wakampongeza mama mkwe kwa jinsi alivyonilisha. Kwetu mkamwana akinenepa, sifa ni za mama mkwe. Alinijazia ndizi na maziwa ya mgando, akanitembeza mbele za watu kama ng'ombe wa mnada. Mimi kichwa kilikuwa kinanigonga na macho yanaona vimulimuli. Nikaenda mwenyewe hospitali, Mbeya mjini.

Nesi alinipima presha, akachemsha mkojo wangu kwenye kichupa juu ya taa ya spiriti. Ukaganda mweupe kama ute wa yai. Akasema hiyo ni dalili ya kifafa cha mimba, kwa hiyo nilale palepale, nile bila chumvi, mpaka nijifungue.

Mama mkwe akaja kunichukua. "Watu watasema nimeshindwa kukutunza."

"Siondoki," nilimwambia. Kwetu mama mkwe hajibiwi hivyo, lakini nilimjibu. Nikamwomba nesi achemshe mkojo wa mama mkwe na wangu, sote tukitazama. Mama mkwe alikubali kwa hasira, ili anikomeshe.

Wake ulibaki vilevile kama maji. Wangu ukaganda.

Aliviangalia vile vichupa, kisha akaniangalia uso, kama ndiyo kwanza anauona. Akavuta kigoda mpaka mlangoni, akaketi.

"Lala, mwanangu," alisema. "Anayetaka kukutoa humu ataanza na mimi."