Yaya Niliyempata Mtandaoni

Kama kuna mtu hapa ananijua kwa jina la Murhula, naomba anisahau kidogo mpaka nimalize kusimulia, maana aibu hii bado ina joto, na ikinijia nikiwa peke yangu (na peke yangu ndivyo ninavyoishi) najikuta nakohoa bila kikohozi ili tu niifukuze.

Mimi ni karani kwenye depo ya saruji na mabati pale Ndosho. Kazi yangu ni kuandika kinachoingia na kinachotoka, na kumgundua mjanja aliyetoboa mfuko akaushona upya, kwa hiyo mjue mapema kwamba hapa hamsikii habari za mjinga wa kawaida, mnasikia habari za mjinga aliyejiona mjanja. Nilikuja Goma kutoka upande wa Bukavu kwa ajili ya kazi hiyo, shangazi aliyenilea akafariki muda si mrefu baadaye, na tangu msiba ule simu yangu ikawa inalia pale tu kampuni inapotaka kuniuzia megabaiti.

Sasa mwili. Mimi ni mwembamba, wapakizi wa depo wananiita Antene, na wala hawaniiti kwa chuki, wananiita hivyo halafu wanaendelea na mazungumzo yao. Nikajiunga na sehemu ya mazoezi jirani na depo, ambako vyuma ni ekseli za malori na makopo yaliyojazwa saruji (saruji yetu, mimi mwenyewe niliandika ikitoka), nikidhani misuli na marafiki vinapatikana mlango mmoja. Pale mtu akilala chini ya chuma lazima mwenzake asimame kichwani kwake amshikie, asije akabanwa kifua. Muda wote niliokwenda hakuna aliyenisimamia wala aliyeniomba nimsimamie. Nikabaki na vile vidogo vya kona, nanyanyua huku natazama ukuta, najiambia subiri nijae, nikijaa wataniita wenyewe.

Ndipo nikaingia mtandaoni kutafuta dawa ya kujaza mwili, na huko jamani nilikuwa profesa. Muuzaji akikataa video, namfuta. Akituma picha ya chupa, namwambia aweke karatasi yenye jina langu pembeni apige upya. Akitaka pesa kabla sijaona mzigo, namwandikia "asante, Mungu akubariki" kisha namfungia. Nilivyozidi kuwatupa ndivyo nilivyozidi kujisifu, kwa sauti kabisa, chumbani kwangu mtaa wa Mapendo, nikiwa sina wa kunisikia.

Halafu mmoja akanipigia akanisalimu kwa Mashi.

Lugha ya shangazi, lugha yetu Washi. Nilikuwa sijaisikia tangu tulipomzika. Siku hiyo huyo mtu hakutaja dawa hata kidogo, aliniuliza kwetu ni upande gani, parokia gani, akasikitika sana kuhusu shangazi, kisha akauliza kama nimekula. Nilikuwa sijala. Nikamwambia nimekula, na simu ilipokatika nikatoka nikanunua mkate na parachichi nikala nimesimama dukani, ili nisiwe nimemdanganya.

Alisema anaitwa Deo, lakini nimwite Yaya, yaani kaka mkubwa, kwa kuwa mimi ni mdogo wake. Basi kila jioni nikitoka kazini nampigia Yaya. Namweleza bosi alivyonijibu, mvua ilivyonikuta njiani, Yaya anaguna pale panapostahili kuguna. Kuna siku tulisahau dawa kabisa, au tuseme mimi nilisahau. Na masharti yangu yote ya pesa na ya mzigo aliyakubali kabla sijayataja: hakuna pesa mbele, atapanda boti mwenyewe, Jumamosi tunapeana mkononi pale bandarini. Hapo mlitaka nishuku nini?

Sasa sikilizeni kosa dogo lililozaa mengine. Ijumaa nilikuwa nafagia mlango wangu na kupanga viti viwili nilivyoazima, na Mama Zawadi, mwenye ile parsela ninayopanga (nyumba nne zinatazamana kwenye ua mmoja wa mawe meusi), akasimama kunitazama, maana hajawahi kuniona na kiti cha pili.

"Murhula, utapata mugeni?"

Ningeweza kusema naleta mzigo. Ningeweza kusema ni mtu wa kazini. Nikasema, "Ndiyo, Mama. Ni yaya yangu. Atakuya kesho na boti."

"Yaya? Siku zote hizi haukusema kama uko na yaya."

"Nilisahau, Mama."

(Mtu anasahau mwavuli. Lakini ndivyo mdomo ulivyonituma.) Basi uso wa Mama Zawadi ukafunguka kwa furaha ambayo sikuwa nimeizoea, akasema mgeni wa Murhula ni mgeni wa parsela nzima, atachinja kuku, na nisijisumbue na chochote. Nilipaswa kumzuia. Badala yake nilikwenda kulala nikiwa nimeanza kuamini kwamba kweli nina kaka.

Jioni hiyo hiyo Yaya alikuwa amenipigia kwa haraka, kwamba watu wa bandari ya Bukavu wameshika mfuko wa dawa, nimtumie hela kidogo autoe, hata haya anaona kuniambia. Mimi, yule profesa, nilituma kabla hajamaliza sentensi. Ni ndugu yako amekwama, utamwomba video?

Jumamosi nikavaa shati la kanisani, nikapanda moto, yaani pikipiki ya abiria, hadi bandarini. Boti ikafika, watu wakashuka na magunia yao, na magodoro, na watoto wamelala mabegani, kila mtu akakumbatiwa na mtu wake. Nilimtazama kila mwanaume usoni mpaka mmoja akaniuliza kama namdai. Watu wakaisha. Nikapiga simu, ikaita. Nikapiga tena, ikakatwa. Mara ya tatu haikuita kabisa.

Ningekuwa na akili ningekwenda kukaa hata kule ziwani Lac Vert mpaka giza liingie. Nilirudi nyumbani, kwa sababu chakula kilikuwa kinangoja na nilikuwa sina pengine pa kwenda. Nikakuta ua mzima umekaa. Mama Zawadi amefunga kitenge cha sikukuu, bugali umefunikwa, kuku ananukia mpaka barabarani, na Papa Paluku, fundi pikipiki wa nyumba ya tatu, mtu ninayemwonaga na ovaroli tu, amevaa koti.

"Boti imechelewa," nikasema.

"Uko na namba yake?" Papa Paluku akauliza. "Leta, nimupigie na yangu. Réseau ya simu yako iko mubaya."

Nikasema haina haja. Akasema haja iko, chakula kinapoa. Ningekataa vipi tena? Nikamsomea namba, naye kwa wema wake, ili Mama Zawadi amsalimu mgeni, akafungua sauti, akaiweka simu juu ya meza katikati ya ua.

Ikapokelewa mara moja, maana kwake namba ngeni ni mteja mpya.

"Allo, bonjour. Uko natafuta ya kujaza mwili, ya kupunguza tumbo, ao ya mambo ya chumba?"

Mama Zawadi akatazama kuku wake.

"Apana," Papa Paluku akasema polepole. "Mimi ni Paluku. Niko natafuta yaya ya Murhula. Tuko tunamungojea na chakula."

Mnajua majina yetu yalivyo, mtu akisema anaitwa Paluku ameshakuambia kwao. Ile sauti ikacheka kwa furaha, ikahamia Kinande, lugha ya kina Paluku, hapo hapo, laini kabisa, na Papa Paluku kwa adabu akawa anaitikia, akaanza hata kutabasamu, na mimi nisiyejua Kinande nilielewa kila neno, kwa sababu ile miguno niliijua, na vile vituo, na ile huruma. Ndipo nilipoona kwamba siku ile ya kwanza alikuwa amesoma jina langu, Murhula, akachagua lugha, mwisho. Nilikuwa nimemwandikia mwenyewe jina hilo, kwa ajili ya ile karatasi ya ujanja wangu.

"Na Murhula?" Papa Paluku akarudi kwenye Kiswahili. "Unamujua?"

"Murhula gani? Aa, ule Mushi wa Goma?" Akashusha pumzi kama mtu aliyechoka kazini. "Ule ananipigiaka kila magaribi, papa, anasema mingi, mingi. Ule mutoto hana mutu."

Simu ikakatwa.

Jamani, hiyo ya mambo ya chumba ningeivumilia, na hata wangenicheka mpaka kesho ningecheka nao. Hawakucheka. Watu wazima wote wakaanza kutazama miguu yao, na nilielewa kwamba hawakushangaa, walikuwa wanalijua hilo jambo siku nyingi, mimi tu ndiye nilikuwa sijasikia likisemwa. Nikafuta macho, nikasema nina mafua. Hakuna aliyeuliza mafua yameingiaje.

"Tukule," Mama Zawadi akasema. "Kuku haina kosa."

Akapakua. Firigisi, ambayo ni ya mgeni, akaizungusha kidogo na kijiko hewani, akaiweka kwenye sahani yangu. Niliitafuna muda mrefu sana. Nikaomba ruhusa, nikaingia chumbani, nikakaa kwenye kiti kimoja nikitazama kile kingine, nikalia kimya kimya kwa ajili ya tapeli, kama aliyefiwa.

Wiki zimepita. Watoto wa parsela wananiita Yaya sasa, nami naitika, lingekuwa jina baya kama wangejua maana yake kwangu. Mazoezini nimeacha. Na ile dawa yenyewe, nikikumbuka vizuri, sikuwahi hata kuuliza imetengenezwa na nini wala inamfanya nini mtu, kwa hiyo huenda huyo mwizi aliniokoa figo. Mkitaka funzo lichukueni hilo: masharti yangu ya kuwakwepa matapeli yalikuwa mazuri kwa chupa, kwa upweke sikuwa nimeweka hata moja.

Na nimeapa. Jambo hilo halitanipata tena kamwe, maana nimeitupa ile laini, nimenunua namba mpya, sijaiandika popote na sijampa mtu. Jioni nikitoka kazini naiweka simu mezani, betri imejaa, mtandao uko vizuri. Mpaka leo hakuna hata mmoja aliyenidanganya.