Maji ya Moto, Hema Namba Tisa

Siku ya kwanza kazini Rhobi alikabidhiwa sare mbili, kitambaa cha kufutia vumbi na redio koli. Sare zilimkaa vizuri. Kitambaa hakikuhitaji maelezo. Redio ndiyo iliyotaka kumrudisha nyumbani Nyamwaga kabla wiki mbili za majaribio hazijaisha.

Si kwamba alikiogopa chombo. Wapo waliosema hivyo pale kambini, na walimkosea sana. Mwanamke aliyezoea kulima mahindi huku ana mtoto mgongoni, kisha akarudi nyumbani kukamua ng'ombe wenye hasira, hatishwi na kidude chenye vitufe vitatu. Shida ilikuwa mtu wa upande wa pili wa redio.

Kambi yenyewe, mbele kidogo ya Natta, ina mahema tisa ya watalii, na kila hema lina bafu la turubai kwa nyuma. Mgeni akirudi kutoka porini na vumbi lake, mhudumu wa mahema huita redioni, na mchemsha maji huja na ndoo mbili kujaza mfuko unaoning'inia juu ya bafu. Unabonyeza, unasema, "Marwa, Marwa, maji ya moto, hema namba fulani," basi, umemaliza. Sasa, mchemsha maji anaitwa Marwa. Na baba mkwe wake Rhobi anaitwa Marwa. Huko alikoolewa, mke haliweki jina la baba mkwe mdomoni, hata kama amepewa mtu mwingine kabisa.

Angeeleza tu? Rahisi kusema. Ukieleza kwamba kuna jina huwezi kulitamka, swali la kwanza utakaloulizwa ni jina gani. Hapo utajibuje?

Tena huyu hakuwa baba mkwe wa hivi hivi. Habari za kazi zilipofika nyumbani, mashemeji waliruka juu: mke wa mtu akatandike vitanda vya Wazungu huko porini, nani kasikia? Mzee aliwaacha wakasema mpaka wakachoka. Kisha akasema, "Mwenye mji ni mimi, na nimesema aende. Heche atabaki na watoto. Si ana mikono?" Heche, mume wa Rhobi, aliitazama mikono yake. Asubuhi ya safari mzee alimsindikiza mpaka barabarani, yeye mbele, Rhobi nyuma kwa mbali kama inavyopasa, bila kutazamana. Mtu wa namna hiyo, utaanzia wapi kulirusha jina lake hewani, madereva na wapishi walisikie?

Basi Rhobi akawa anakimbia. Kila mgeni alipotaka kuoga, alikata mbio mpaka kwenye pipa la maji, akasema, "Kaka, moto, hema namba nne," akageuka na kukata mbio tena. Marwa, kijana wa Sirari ambaye hata mchumba hakuwa naye, alibaki ameshika ndoo akijiuliza dada huyu ana nini. Wageni walisubiri wakiwa wamejifunga mataulo. Usiku Rhobi alijikanda miguu na kumwomba Mungu siku kumi zilizobaki ziende haraka.

Siku ya nne, Agustina, msimamizi wa wahudumu, mwanamke wa Mwanza asiyependa maneno mengi, alimwita pembeni.

"Redio yako mbovu?"

"Hapana, dada."

"Unaiogopa?"

"Hapana, dada."

"Sasa mbona unakimbia kama umefukuzwa na nyuki? Meneja ameshauliza. Kesho jioni nitakuwa nasikiliza. Nisipoisikia sauti yako redioni, sitakuwa na la kukutetea."

Jioni ya kesho yake, wageni wakiwa ndiyo kwanza wamerudi, sauti ya Elia, askari wa kambi, ilipita redioni: nyati amesimama kwenye njia ya mahema, kila mtu abaki alipo, mwenye shida aite, gari litamfikia. Rhobi alikuwa hema namba tisa, la mwisho kabisa. Ndani ya bafu alikuwemo bibi mmoja mgeni, mwenye mvi tupu, na maji yalimkatikia akiwa na povu kichwa kizima.

"Maji!" aliita bibi. Ndilo neno la Kiswahili alilokuwa nalo. "Maji! Maji!"

Rhobi aliitazama njia. Nyati naye alimtazama. Akaishika redio, akabonyeza, akafungua mdomo, na ulimi ukagoma. Akawaona mashemeji wakimpokea na begi lake. Alitamani kulia.

"Tata!" alisema ghafla, kama anavyomwita baba mkwe wake nyumbani. "Tata, Tata! Maji ya moto, hema namba tisa. Mgeni ana sabuni machoni. Tata, unanipata?"

Mpishi aliingia redioni huku akicheka. "Baba nani huyo anaitwa? Ana watoto wangapi?" Madereva wakadakia. Rhobi alifumba macho, akijua kazi ndiyo imekwisha.

Kisha ikaja sauti ya Marwa, na haikuwa na kicheko hata kidogo. Mama yake mzazi hajawahi kumwita kaka yake mkubwa kwa jina, kwa kuwa kaka huyo alirithishwa la babu yao mzaa baba. Kwake ni "yule mkubwa" mpaka leo. Marwa alikuwa ameelewa yote, hata zile mbio.

"Nakupata, mkamwana," alisema. "Maji yanakuja."

Maji yalikuja kwa gari, na yalikuwa ya moto. Asubuhi Marwa ndiye aliyemweleza Agustina, kwa kuwa yeye jina hilo aliweza kulitaja.

"Siku zote hizo unakimbia, na hukusema?" Agustina alimuuliza Rhobi.

"Ningesemaje, dada?"

Agustina alienda kwenye ubao wa zamu pale jikoni, akafuta jina la mchemsha maji, na kwa chaki akaandika TATA. Kuanzia siku hiyo meneja, madereva na wapishi, wote wanamwita hivyo. Marwa analalamika kwamba sasa hakuna msichana atakayemtazama, lakini ameanza kutembea mikono nyuma, kama mwenye mji.

Wiki mbili zilipotimia Rhobi alipiga simu nyumbani. Simu inawafaa sana wakwe, maana haina macho.

"Shikamoo, Tata. Nimeshapita, wamesema nibaki."

"Marahaba. Nilijua. Watu wa huko wakoje?"

Rhobi akamsimulia yote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo walikaribia kukurudisha kwa ajili ya jina langu?"

"Walikaribia."

"Si ungelitaja tu, mwanangu. Mimi huku ningesikia?"

"Ulinisimamia mbele ya watu wote, Tata. Nisingeweza."

Mzee alikohoa, akakohoa tena, kikohozi kisicho na mafua. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Basi mwambie huyo Tata wa huko asije siku akakupa maji ya vuguvugu. Amebeba jina langu."