Besi ya Tatu Ilikuwa ya Wawili

Mdogo wangu alijifunza kurusha katika shamba la mawele la baba, Siakago, ambako ndege hawafukuzwi kwa makelele. Alipewa kombeo kabla hajaanza shule. Asubuhi za likizo alisimama juu ya ulingo akirusha mawe mpaka jua lilipokuwa kali na ndege wenyewe kutafuta kivuli. Baba alimkataza kuwapiga. Alitakiwa apige bua lililo jirani na ndege, ili ndege aondoke mzima akawaonye wenzake. Ndivyo mkono wake ulivyojua kulenga kitu kisichozidi upana wa kiganja, kutoka upande wa pili wa shamba, bila hasira.

Mvulana wa pili alitoka Kangeta, na kwao zao ni miraa. Huko watoto hukwea miti ile mapema, umande ungali majanini, wakachuma machipukizi kwa ncha za vidole bila kuchubua ganda wala kuvunja tawi. Vidole vyake vilikuwa virefu na vyepesi. Alipokusalimu ulihisi kana kwamba mkono wako unapimwa, kisha unarudishiwa.

Walikutana Ruiri. Mama alikuwa amehamishiwa huko kufundisha, akatuchukua sisi wawili, baba akabaki na shamba lake. Yule wa Kangeta aliishi kwa shangazi yake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nikijaribu kuandika riwaya kwenye meza ya jikoni. Riwaya iliponishinda, nilikwenda uwanjani kuwatazama.

Katika shule yao kulikuwa na mwalimu kijana, Mmeru wa hapo hapo, aliyejifunza besiboli chuoni na kurudi nayo kama mtu aliyerudi na mke wa mbali. Wachezaji hupiga mpira kwa gongo na kukimbia besi hadi besi, yaani vituo vinne, na aliyesimama besi ya tatu ndiye aliyekuwa na kazi ngumu. Mpira mgumu hutoka kwenye gongo na kumjia kwa kasi akiwa karibu. Lazima audake, kisha aurushe kuvuka uwanja mzima hadi besi ya kwanza, kabla mpigaji hajafika. Kazi hiyo inataka vidole, na inataka mkono. Mungu alikuwa amempa mmoja hiki na mwingine kile, halafu akawaweka shule moja.

Glavu ya besi ya tatu ilikuwa moja tu. Wengine walikuwa na zao za kubahatisha, zilizotosha sehemu nyingine za uwanja, lakini ile ya ngozi nene, inayoweza kuupokea mpira wa karibu, walivaa wao wawili kwa zamu. Mmoja alipotoka aliivua ikiwa bado na joto la mkono wake, mwingine akatumbukiza wake humo.

Kila mtu aliwalinganisha. Mzee aliyetuletea maziwa alianza asubuhi, kabla hata hajafungua mtungi.

"Mwalimu, huyu wako ako na mkono," alimwambia mama. "Lakini ule wa Kangeta anadaka kama mtu anapokea mtoto."

"Wewe uza maziwa."

"Si nauza. Nasema tu. Ukitoa mkono wa hii, utoe vidole ya ile, unapata mchezaji mmoja ya maana."

Wenyewe walicheka. Jioni walirudi pamoja, viatu vimefungwa kamba na kuning'inia shingoni.

"Buda, leo umedaka na kifua," wa Kangeta alisema.

"Na wewe umerusha mpaka kwa kanisa. Pasta atakuletea mpira Jumapili."

Kisha ikaja habari iliyowanyamazisha. Shule moja ya mjini Meru, inayoupenda mchezo huu, ingemtuma mwalimu wake Ruiri muhula wa kwanza kutazama mechi. Walitaka mchezaji mmoja wa besi ya tatu. Mdogo wangu alipotuambia alikuwa akitazama sahani yake. Kila mmoja aliitaka nafasi hiyo, na kila mmoja alijua mwenzake anaitaka. Nadhani ndiyo mara ya kwanza walitembea njia ile bila kutaniana.

Desemba yule wa Kangeta alikwenda kwao kuingia jandoni. Mdogo wangu alibaki. Mvua ilikuwa imekataa Siakago, na baba alisema jando bila chakula cha kuwapa wageni ni kumdharau mtoto. Angengoja mwaka mmoja. Mdogo wangu alisema sawa. Nani angedhani mwaka mmoja ungekuwa mkubwa hivyo?

Mimi ni mwanamke, na yale wanayofundishwa vijana katika kibanda cha jando si yangu kuyajua. Najua tu jinsi mwenzake alivyorudi Januari. Alirudi na nguo mpya na kofia, akitembea polepole kama mtu aliyebeba maji kichwani. Wavulana wasiotahiriwa walimpisha njiani. Hakula nao, hakukaa nao benchi moja, hakuvaa kilichovaliwa nao. Si kiburi, na sitaki mtu asome hapa akidhani ni kiburi. Ndivyo anavyofundishwa kila kijana wa kwetu anayetoka humo, na ukimwona mtoto wako ameshika mafundisho, unafurahi.

Mdogo wangu alimkimbilia langoni.

"Habari, mvulana," mwenzake akasema, akiwa bado mbali.

Mdogo wangu akacheka, akidhani ni utani. Alicheka peke yake.

Mazoezi yalipoanza, mdogo wangu alivua glavu akamnyooshea. Mwenzake alirudisha mikono nyuma. "Weka chini," alisema. Ikawekwa chini. Aliitazama pale nyasini muda mrefu, halafu akaenda kukimbia kuzunguka uwanja, akakimbia mpaka mazoezi yakaisha.

Siku iliyofuata nilimkuta mdogo wangu nyuma ya nyumba, amejaza beseni, anaisugua glavu kwa sabuni ya unga. Aliisugua ndani na nje, akaianika juu ya ua. Jua la Ruiri liliikausha ikawa ngumu kama ngozi ya mbuzi iliyosahauliwa juu ya paa. Mama hakumgombeza. Alichukua mafuta ya kupikia, wakakaa wote wawili wakiipaka na kuikunja mpaka ikakubali tena kufumba.

Aliipeleka kwa mwenzake imefungwa kwenye mfuko safi. Nilikuwa nikipita nje ya ua wa shangazi yake, nikawasikia.

"Nimeosha. Hakuna kitu yangu iko ndani."

"Uvulana hautoki na sabuni," mwenzake alisema, lakini kwa sauti ya chini, kama anayeomba radhi. "Ungekuwa umeingia pia, hakungekuwa na maneno."

"Mvua ndiyo haikunyesha."

"Najua."

Wiki zote za mazoezi glavu iliwekwa chini, na mwenzake akakimbia tu. Siku ya mechi, mwalimu wa mjini alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mstari. Mwalimu wetu alikuwa amepanga kila mmoja acheze nusu, ili pasiwe na lawama. Mdogo wangu alianza. Mpira mmoja ulimpiga bega ukaanguka, akauokota na kuurusha, ukafika besi ya kwanza kabla mpigaji hajafika katikati. Yule wa kwenye kiti aliinama mbele.

Zamu ilipogeuka, mdogo wangu alivua glavu, akaiweka chini kama alivyozoea kuagizwa. Mwenzake aliipita. Alisimama mahali pake mikono mitupu, akainama, vidole vimefunguka.

Mwalimu wetu alimwendea. Nimeifikiria mara nyingi safari yake ile fupi. Mtu wa mbali angeiokota glavu akamvisha kwa nguvu, na watu wangecheka, na mambo yangeisha. Lakini alikuwa Mmeru, alikuwa ameingia jandoni vilevile, na kumlazimisha kijana aliyetoka juzi avae kitu cha mvulana mbele ya watu kulimshinda. Walizungumza, mwalimu akarudi. Nadhani aliamini mpira wa kwanza ungemfundisha.

Mpira wa kwanza aliudaka. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile, na sidhani kama nitaona. Aliupokea kwa vidole, akarudi nao nyuma kidogo kama anayekubaliana nao, akaurusha. Wa pili akaudaka pia. Mdogo wangu, kando yangu, alikuwa akipiga makofi bila kujua, akinong'ona, "Ameweza, dada. Ameweza."

Wa tatu uligonga jiwe ukaruka. Ulimpata kwenye kidole gumba cha mkono wa kulia. Hakulia, maana hilo nalo alikuwa amefundishwa. Alisimama ameushika mkono huo kwa mwingine, akikitazama kidole kilivyoelekea upande usiotakiwa. Wa kwanza kumfikia alikuwa mdogo wangu, na hapo tu, kwa mara moja, hakusukumwa.

Kidole kilifungwa, kikapona, lakini kilipona kimepinda. Kisingeweza kubana mpira wala kuchuma miraa. Mwalimu wa mjini alimchukua mdogo wangu. Mzee wa maziwa alitupongeza, na mama akamlipa, akaingia ndani.

Desemba iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha Siakago, na mdogo wangu akaingia jandoni. Alipotoka, jambo la kwanza alilotaka ni kwenda Kangeta. Nikamsindikiza. Tulimkuta mwenzake sokoni, kwenye kelele za wanunuzi, akifunga vibunda vya miraa walivyochuma wengine, akivuta kamba kwa meno na mkono wa kushoto.

"Sasa wewe ni mtu," alisema, akamsogezea kreti akae karibu naye.

"Ni mtu."

"Wanasema huko unarusha sana."

"Wanasema wewe ungedaka yote."

Mwenzake alifunga kibunda, akakiweka juu ya vingine. Ilibidi ninyooshe shingo kumsikia. "Ile glavu," alisema, "sasa ningeivaa."

Kisha akamuuliza habari za masomo.

Muhula uliofuata mdogo wangu alimwomba mwalimu wake wa mjini amtoe besi ya tatu. Mwalimu alibisha, akampigia hata mama simu, lakini mwishowe akamhamishia nyuma kabisa, ambako mipira hufika kwa nadra. Nilikwenda kumtazama. Besi ya tatu alisimama mtoto mwingine, mnene, mchangamfu, ambaye hakuna aliyemlinganisha na mtu. Mpira ulipita katikati ya miguu yake, watu wakacheka, naye akacheka nao. Mdogo wangu alikuja akikimbia kutoka mbali, akauokota na kuurusha. Uliruka juu ya vichwa vyao wote ukatua kifuani mwa mdakaji, pale mpira unapopigiwa, bila kugusa chini. Watu waligeuka kutafuta nani ameurusha. Yeye alikuwa amekwisha kuwapa mgongo, anarudi polepole mahali pake, kule nyasi zilikoachwa ndefu.