Paa ya Mwaka wa Ine

Siku Leta, ni kusema serikali, walitangaza kwamba masomo ya primeri ni bure, mimi ndiye nilisimama kwa mukutano wa wazazi, hapa Shari, nikasema: "Basi salongo, kazi ya kujitolea shuleni, imekwisha. Shule ni ya Leta, Leta aitengeneze." Watu walinipigia makofi. Toka siku ile hakuna muzazi aliyerudi pale jumamosi na jembe ao nyundo. Kosa ni langu, silifichi.

Kisha upepo wa mvua ukang'oa mabati ya darasa la mwaka wa ine. Watoto wakaingizwa ndani ya chumba cha mwaka wa tatu, wakapeana migongo. Mbao mbili, walimu wawili, kila mumoja akipandisha sauti kumushinda mwenzake. Mujukuu ninayemulea alikuwa mule. Nikamuuliza alichosoma.

"Mito ya Kongo mara mbili ni kumi."

Nikamupa kitabu cha nyimbo cha kanisa. Ule wimbo anaoujua aliusema bila kuangalia. Nikafungua ukurasa mwingine, akausema wimbo ule ule.

Jirani yangu, mama mwenye shule ya praive, ya kulipia, alicheka. "Koko, bibi yangu, mulete kwangu. Kwa Leta watamufundisha kuhesabu mawingu."

"Na wenzake?"

"Weye unaongea ya mujukuu ao ya dunia?"

"Ya mwaka wa ine."

Simulaumu. Shule yake iko na paa na inafundisha vizuri. Lakini haiwezi kubeba watoto wote wa mutaa.

Nikaenda kwa mukubwa wa shule yetu.

"Mama, barua ya kuomba mabati ilishaenda biro ya elimu. Tunangojea."

"Toka lini?"

"Toka mvua ile."

"Toka mvua ile siye tulishavuna maharagi mara mbili!"

Jumapili, ibada ilipokwisha, nikasimama mbele ya wazazi. "Mimi ndiye niliwapoteza kwa maneno yangu."

Mutu akaita kutoka nyuma: "Kumbe leo Leta ni weye?"

Wakacheka. Nikawangojea wamalize. "Mwalimu ni kazi ya Leta. Mabati pia ni kazi yake, na tutamudai. Lakini mutoto hakai darasa la ine mara mbili akingojea. Jumamosi, mulete miti, majani, shitingi za plastiki. Asiye na kitu alete mikono."

Walikuja, si wote. Yule jirani wa praive alituma ngazi yake. Mbele ya watu kupanda juu, nikamwambia mukubwa wa shule aandike barua: paa hii wazazi wameiazimisha shule, mupaka Leta alete mabati.

"Mama, biro watakasirika."

"Wakuje wakasirike hapa."

Aliangalia wanaume waliokaa juu ya miti waliyoleta, nyundo chini. Hakuna musumari uliogongwa mupaka alipotia muhuri.

Jumatatu mwaka wa ine wakarudi ndani ya chumba chao. Wiki ya tatu mwalimu aliniita karibu na dirisha nisikie. Mujukuu wangu alikuwa anasoma somo jipya, polepole, anakosea, anarudilia. Nikasikiliza mupaka mwisho. Kisha nikafunga kitambaa vizuri kichwani nikapeleka ile barua yenye muhuri biro, mimi mwenyewe.