Jiwe la Kijani Juu ya Kitanda cha Mtoto

Nimekosa, na kosa langu limelala miezi mizima katika chumba cha mtoto mchanga. Jina langu silitaji, ingawa majirani zangu hapa Kolwezi, Kongo, wakisoma watanijua.

Sikusomea madini shuleni. Nilijifundisha mwenyewe, kwa vitabu vya Kifaransa vilivyochakaa na kwa kuokota mawe, hadi mtaa mzima ukazoea kuniletea mawe niyataje. Nilipenda kuulizwa, na kuitwa Tata, yaani baba. Nilipenda mno.

Mama Kapinga, anayeuza mikate kwenye kona yetu, aliniita pale mbele ya wateja wake, akanipa jiwe ambalo mwanawe mchimbaji alilitoa shimoni. Lilikuwa la kijani, liking'aa kama kioo.

"Tata, weye njo mwenye kujua majiwe. Hii ni nini?"

Nikafanya tunavyofanya wote huku: nikalilamba ili rangi itoke. Kijani kikakolea.

"Malakiti, jiwe la shaba tu," nikasema. "Haina neno, mama."

"Basi mi nitaiweka pa kitanda ya mujukulu yangu, akiamuka aone kitu mzuri." Akacheka. "Na weye utakula majiwe mpaka meno iishe."

Wateja wake wakacheka pia. Lakini nilikuwa nimeona kitu. Malakiti ya kwetu ina mistari, kijani juu ya kijani. Jiwe hili lilikuwa na vibamba vidogo vya mraba, na kimoja kilibandukia kwenye ulimi wangu. Ningeweza kulidondoshea asidi ya betri, maana malakiti ikiguswa na asidi hutoa povu. Asidi ninayo nyumbani. Sikwenda kuichukua. Nilikwisha kusema mbele ya watu.

Mvua zikanyesha, zikaisha. Juzi nilikwenda na shemeji yangu kumsalimu yule mjukuu wa Mama Kapinga. Kazi ya shemeji ni kupima mionzi kwenye malori ya madini. Alipoliona jiwe juu ya kitanda alitoka, akarudi na kifaa chake. Kililia bila kupumzika. Mama Kapinga akamwambia ni malakiti tu.

"Nani alisema hii ni malakiti?" shemeji akauliza.

Mama Kapinga aligeuka. Akanitazama mimi.

Jiwe lina urani, madini yenye mionzi inayodhuru mwili. Shemeji amelitoa mle chumbani. Daktari amempima mtoto, anasema leo haoni kitu, ila ya kesho hawezi kuyaahidi. Mama yake mtoto halali, anamsikiliza anavyopumua. Mama Kapinga bado ananiuzia mikate, lakini haniiti tena Tata. Afadhali angenitukana.

Ninyi mnaookota mawe, na ninyi mnaoulizwa: mawe ya kijani ni mengi katika ardhi yetu, na macho hayatoshi kuyatenganisha. Msiyalambe. Msiyaweke wanapolala watoto kabla hayajapimwa. Na kama hujui, sema hujui. Siku ile nilikuwa na vitu viwili mdomoni, kibamba cha jiwe na neno "sijui". Nilitema kibamba. Neno nikalimeza.