Moshi Chini ya Dungu

Watu wakiniambia mtoto wa miaka mitano hafundishiki habari za moto, hunipanda hasira. Udongo uwahi ungali maji. Ndiyo maana katika kituo chetu hapa Kibiti, ambako watoto wadogo hujifunza kwa kutenda, nilijengesha dungu: kibanda cha miti juu ya nguzo, chenye ngazi, mfano wa vile ambamo familia zao hulala shambani kulinda mpunga usiliwe na nguruwe. Chini ya dungu watu huwasha moto wa kufukuza mbu, na paa lake ni la makuti. Kuna haja gani ya kueleza zaidi?

Siku ya kwanza nilitia majani mabichi kwenye kopo la makaa, nikaliweka chini ya dungu, na ndoo mbili za maji kando. Moshi ulipopanda nikapiga kelele: "Moto!" Watoto waliokuwa juu hawakushuka. Waliokuwa chini nao wakaparamia ngazi, wakajikunyata pamoja na wenzao, kimya. Nilifoka mpaka sauti ikanikauka.

"Mbona hamshuki?"

"Mama kanambia nikiona kitu kibaya nipande, ninyamaze mpaka aje," akajibu binti mmoja mdogo, kwa adabu zote.

Kumbe walikuwa watiifu. Amri iliyowaokoa na nguruwe na viboko wa mtoni ndiyo ingewaua kwa moto. Tulirudia tena na tena, na watoto wengine wakazoea: mnyama, panda; moshi, shuka ukimbilie getini. Yule binti hakuzoea. Nilimbembeleza, nikamtisha, nikamhonga kashata. Akabaki juu akikohoa. Niliogopa, maana mpunga wa kwao Chumbi ulikuwa umeanza kuchanua, na wiki ile ile angehamia dunguni na mama yake. Nikaapa haondoki kabla hajajua kushuka.

Nikamwita mama yake. Alinisikiliza, akacheka.

"Mwalimu, wewe hujakutana na nguruwe. Nikimzoesha kushuka, siku nimekwenda kuchota maji si watamrarua?"

"Na moto ukishika siku hiyo, nani atamshusha?"

"Mimi. Nitakuja mbio."

"Makuti hayangoji mtu, mama."

Akaacha kucheka. Alitazama lile paa, kisha akamwita binti yake, akamshika mabega.

"Ukiona mnyama, panda kama nilivyokwambia. Ukiona moshi, shuka, kimbia. Usiningoje."

"Hata ukiwa unakuja?"

"Hata nikiwa nakuja, mwanangu."

Nikamrudisha mtoto juu, nikamwomba mama aende mwisho wa uwanja. Moshi ulipopanda, akaja mbio akimwita binti yake kwa sauti, kama ambavyo angefanya siku ya kweli. Mtoto akashuka kinyumenyume, akateleza kwenye kipandio cha mwisho, akainuka. Akampita mama yake bila kumtazama, akaenda kusimama getini peke yake.

Mama akakaa mchangani akalia. Mimi nami machozi yalinitoka. Nikayafuta kwa ncha ya kanga, nikamwambia mtoto apande tena, tuanze upya.