Pompe iliyosikika vibaya kwenye mvua

Saa mbili asubuhi, Jumamosi. Jeannine Kavira anafagia karakana yake kwa mara ya pili. Anapanga bisibisi mezani, kisha anakwenda mlangoni kuangalia barabara. Papa Hippolyte, chef wa avenue yao, yaani kiongozi wa mtaa, amesema atafika saa tatu. Yeye ndiye ataamua kama watoto wataendelea kufundishwa hapa.

Mezani kuna kitu anachokuja kukiona: bidoni ya njano iliyojaa maji, betri ya pikipiki, nyaya mbili, mpira wa kupitishia maji na mota ndogo iliyotolewa kwenye gari bovu, ile inayorusha maji kwenye kioo cha mbele.

"Nikiangalia ile kitu na macho ya mutu mwingine," Jeannine anasema kwa sauti ya chini, "mi mwenyewe naogopa."

Ana miaka thelathini na sita. Hutengeneza simu na paneli za sola hapa Bunia, mashariki mwa Kongo. Ufundi aliupata Butembo kwa baba yake, aliyekuwa akifungua redio za wateja na kumwachia yeye kazi ya kuzifunga.

Kwa miaka minne sasa, kila Jumamosi, watoto wa miaka minane hadi kumi na minne huja kujifunza kwake. Hawalipi. Sharti ni kwamba kila mmoja aje na kitu kilichokufa, iwe tochi, chaja au redio, na asiondoke kabla hajaeleza kimekufa kwa nini. Kukifufua si lazima.

Mwezi uliopita walikuwa kumi na saba. Leo wamebaki wanne.

Kilichowaondoa ni neno moja. Wiki tatu zilizopita, mvua ikipiga mabati, Dady mwenye miaka tisa alirudi nyumbani na kumweleza nyanya yake habari kubwa: Jumamosi ijayo watamaliza pompe, yaani pampu, nayo itarusha maji mpaka juu ya nyumba. Mvua ilimeza nusu ya maneno. Nyanya huyo, Koko Angélique, ambaye vita vimemkimbiza mara mbili kutoka kijiji chao upande wa Djugu, alisikia bombe, yaani bomu.

Alimfungia mjukuu wake ndani, akaenda kumwambia jirani. Kesho yake, kisimani, watu walikuwa wanasema kwamba kwa Mama Jeannine watoto wanafundishwa kulipua nyumba.

"Mutu wa mbali anaweza kucheka," Jeannine anasema. "Siye hapa hatucheke. Neno kama ile ikifika kwa basoda, nani atawaeleza p na b?"

Tangu siku hiyo, kwa kuwaogopa wanajeshi hao, pikipiki ikipunguza mwendo nje, mkono wake unaacha kazi. Mume wake, Didier, amemwomba apumzike kwanza.

"Nilimuambia, batoto ya watu ni mambo nzito," anasema Didier. "Akanijibu: na weye uko mutoto ya mutu, na nakufundishaka kila siku."

Papa Hippolyte anafika saa tatu na nusu. Nyuma yake yuko Koko Angélique, amemshika Dady mkono. Bibi huyo anasimama uani na hataki kuingia.

"Kitu yenyewe iko wapi?" chef anauliza.

"Ile pale, papa."

"Gusa weye kwanza."

Jeannine anagusisha waya kwenye betri. Mota haizunguki. Anagusisha tena. Chef anarudi nyuma mpaka mgongo wake unagonga mlango.

Chancelle, msichana wa miaka kumi na miwili, mmoja wa wale wanne waliobaki, ambao wamekwishafika, anainama mezani. "Mama, waya iko juu ya kutu."

Jeannine anakwangua kutu kwa kisu. Mota inalia, maji yanapanda kwenye mpira na kuruka mbele, moja kwa moja kwenye suruali ya chef.

"Koko, si nilikuambia?" Dady anapiga kelele. "Pompe!"

"Nikifika nyumbani hivi," chef anasema akiitazama suruali iliyolowa, "muke yangu atasema chef amezeeka."

Watoto wanaangua kicheko. Koko Angélique hacheki. Anayatazama maji yakienea uani.

"Nilisikia vile nilisikia," anasema. "Masikio yangu iko na sababu yake."

"Ndiyo, Koko," Jeannine anamjibu. "Ingekuwa mi, ningefunga mulango vilevile."

Chef hafungi karakana, wala haruhusu iendelee. Anataka wazazi wa watoto kumi na watatu walioacha waje Jumamosi ijayo, kila mmoja aguse waya kwa mkono wake. Wasipokuja, basi, masomo yamekwisha.

"Nikisema mi peke yangu haiko bombe," anaeleza, "watasema nimekula rushwa."

Koko Angélique anaondoka na mjukuu wake. Hakuna aliyethubutu kumuuliza kama atamrudisha.

Jeannine ameamua kwamba kuanzia sasa saa ya mwisho itakuwa ya wazazi, na kila mtoto ataeleza kazi yake kwa lugha inayozungumzwa kwao. Lakini kwanza lazima abishe hodi kwenye nyumba kumi na tatu, na ana siku sita tu. Tayari anajizoeza maneno ya kusema mlango ukifunguliwa.

"Nitaanza na maji," anasema. "Nitauliza wanachota maji ya nyumba kwa saa ngapi, na nani anaibeba. Wakinijibu ile, labda wataniacha nimalize kueleza pompe."